Mizani ya Nyongeza

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita tulimwacha Fundi nyuma ya duka la jumla, begi la vifaa begani, sikio limebanwa kwenye mlango wa bati wa ghala. Ndani, mkewe alikuwa anacheka.

Hakikuwa kicheko cha adabu. Kilikuwa kile cha kukata pumzi, cha mtu kujishika mbavu na kuomba aachwe, ambacho Fundi hakuwa amekisikia nyumbani kwake tangu bei zianze kupaa.

Kwa msomaji anayejiunga nasi leo, mambo yako hivi. Fundi anatengeneza mizani. Kuanzia wauza nyama hadi wauza misumari, mtaa mzima unampelekea yeye, na akishasema kilo ni kilo, mabishano yamekwisha. Mkewe ni Mama Pacha. Mwenye duka la jumla ni mgane mmoja mpole, mwenye tumbo la wastani na sauti ya chini, anayeitwa Nyongeza. Jina alipewa na wateja, kwa sababu mshale wa mizani ukishatulia yeye huchota gao moja zaidi, ujazo wa kiganja, na kulimwaga juu, bure.

Na huyo Nyongeza, miaka kumi na minne iliyopita, ndiye aliyetangulia kupeleka posa kwa kina Mama Pacha. Posa ikarudishwa. Mtaa mzima unajua, na Fundi anajua kwamba mtaa unajua.

Sasa ongeza hili. Kwa miezi minne kila kitu dukani kilikuwa kinapanda bei huku kinasinyaa. Pakiti ya sukari ilibaki na rangi ile ile na picha ile ile, lakini ukiigeuza na kukaza macho unakuta imeandikwa gramu mia nane. Sabuni ilitolewa kiuno. Chupa ya mafuta ilibonyezwa kitako kikaingia ndani. Fundi alikuwa amevipima vyote mezani kwake, kimoja kimoja, akitukana kimoyomoyo.

Karibu kila nyumba ilikuwa imepunguza kijiko, lakini si nyumba ya Fundi. Kwake kopo la sukari lilijaa hadi kifuniko kikakataa kukaa. Unga ulikuwepo, maharage yalikuwepo, mafuta yalikuwepo. Na pesa aliyokuwa anaiacha mezani asubuhi haikuwa imeongezeka hata senti.

Fundi alikuwa anashiba kila siku, na kila tonge lilikuwa linamkaa kooni.

Basi akagonga mlango.

Aliyefungua hakuwa Nyongeza wala Mama Pacha. Alikuwa dada yake mwenyewe, tumbo moja, vumbi la unga limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Kaka," alisema bila kushtuka, "umekuja kutusaidia au kutuchunguza?"

Nyuma yake walikuwepo wanawake wengine wanane, wameketi juu ya magunia matupu na ndoo zilizofunikwa, kila mmoja na mfuko wake mapajani. Katikati palikuwa na gunia la unga lililofunguliwa mdomo, na mbele ya gunia, penseli sikioni na daftari mkononi, alisimama Mama Pacha. Kicheko kilikuwa kimemkauka usoni.

Jibu la miezi minne lilikuwa hapo, wazi kama mchana. Walikuwa kumi. Walichanga, wakanunua kwa gunia, wakagawana. Pakiti hawakuijua tena, wala picha yake, wala maandishi yake madogo. Nyongeza aliwauzia kwa bei ya gunia na kuwaazima ghala na mizani, basi.

Fundi aliona haya mpaka masikio yakawaka. Akasema neno la kwanza lililomjia, kwamba alikuwa anapita tu, akaona aulize kama mizani iko sawa.

Hapo ndipo Nyongeza alipotokea kwa mlango wa dukani, akajifuta mikono, akamkaribisha kwa furaha ya kweli. Alimwambia amekuja kama aliyetumwa, kwa kuwa kesho Jumamosi wanagawana sukari, na yeye angependa mizani ikaguliwe na mtu anayeaminika. Akamtafutia kiti. Akamtafutia na maji ya kunywa.

Halafu akageuka. "Sindano," alisema, "hebu mpishe Fundi hapo kwenye meza."

Na Mama Pacha akapisha.

Fundi alibaki na glasi ya maji hewani. Miaka kumi na mitatu ya ndoa, watoto wawili kwa mkupuo mmoja, na hakuwahi kusikia mkewe akiitwa Sindano. Dada yake aliona uso wake, akaharakisha kueleza kwamba lilikuwa jina la utotoni, wawili hao walikua mtaa mmoja, na wifi alikuwa mwembamba sana enzi zile.

Maelezo yalikuwa mazuri. Hayakusaidia kitu. Jina lilikuwa limeshaingia, tena kwa ncha.

Wanawake walimaliza unga wao, wakafunga mifuko, wakaanza kuondoka wawili wawili. Mama Pacha alisita mlangoni kama anayetaka kusema jambo, kisha akasema atatangulia kupika. Nyongeza akaitwa dukani na mteja. Fundi akabaki peke yake na mizani.

Ilikuwa mizani ya saa, yenye sinia juu na mshale mbele, ya zamani lakini imetunzwa. Fundi alitoa mawe yake ya shaba, akayapanga, akaanza na la gramu mia. Mshale ukasimama penye mia. Akaweka la nusu kilo. Nusu kilo kamili. Akaweka la kilo, akaongeza la kilo mbili, akaongeza la kilo tano.

Mizani ilikuwa inasema kweli hadi gramu ya mwisho.

Tuseme ukweli, msomaji wangu. Fundi alikuwa ameomba aikute ina kasoro. Hata ndogo. Angetoka nayo hadharani, angewaonyesha akina mama gao la Nyongeza linakotoka, na lile jina la utotoni lingepotea katika kelele. Lakini mtu yule alikuwa mkarimu na tena mwaminifu, na hakuna kinachouma kama mpinzani asiye na kosa.

Alikaa akiitazama mizani. Upande wa pili wa ukuta alimsikia Nyongeza akimwaga gao la ziada kwa mteja, na mteja akimshukuru.

Kisha mkono wa Fundi ukachukua bisibisi.

Chini ya sinia kuna skrubu ndogo inayokaza springi. Aligeuza kidogo sana, kama mtu anayefungua kidonda kwa uangalifu. Bila mzigo mshale ulisimama kwenye sifuri, mtakatifu kabisa. Alipoweka jiwe la kilo, mshale ukasoma kilo na gramu mia. Kuanzia hapo, kila aliyepimiwa kilo angebeba pungufu, na lawama zingeenda kwa mwenye mizani.

Alirudisha kifuniko, akapanga mawe yake, akatoka. Nyongeza alimuuliza kutoka kaunta kama mambo ni shwari. Fundi akajibu kwamba ni shwari.

Katika miaka ishirini ya kazi, huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kuhusu mizani.

Alifika nyumbani amejiandaa kwa ugomvi. Alikuwa ameupanga njiani, neno kwa neno, kuanzia ghala hadi lile jina. Mama Pacha hakumpa nafasi. Alimtengea chakula, akawatuma pacha kuoga, akaketi mbele yake na kuanza kusema mwenyewe.

Alimweleza kwamba wazo la kununua kwa gunia lilikuwa lake, si la Nyongeza. Alizunguka nyumba kwa nyumba mpaka akapata watu kumi. Wenzake walimpa yeye kazi ya kupima na kuandika, kwa hiyo punje ikipotea anayeulizwa ni yeye. Miezi yote minne alikuwa anatafuta namna ya kumwambia mumewe.

"Na kwa nini hukusema?" Fundi aliuliza.

"Ulirudi na ile pakiti ya gramu mia nane ukaipiga mezani. Ukasema wewe bado hujashindwa kulisha nyumba yako. Sasa mimi ningeanzia wapi, Baba Pacha, kukwambia kwamba njia nimeipata, na mlango wenyewe ni wa yule?"

Fundi alimega tonge, akalirudisha. Akauliza lile lililokuwa linamla. Akauliza walikuwa wanacheka nini.

Mama Pacha akaanza kucheka tena, peke yake. Alikuwa amewasimulia siku pacha walipozaliwa, jinsi mumewe alivyokataa kuamini mizani ya hospitali, akarudi nyumbani kuchukua yake, akawapima watoto upya mbele ya wauguzi, kisha akaomba ruhusa atengeneze ile ya hospitali bure. Wanawake nusura wafe. Na alipomaliza kuwasimulia, alipendekeza mumewe awe mkaguzi wa mizani ya kikundi. Wote walikubali, na wa kwanza kukubali alikuwa Nyongeza.

"Niliwaambia, mkono wake haujawahi kusema uongo," alimalizia, akamwongezea mchuzi.

Chakula kilimgeukia Fundi kuwa mchanga. Aliona kila kitu kwa mara moja. Kesho sukari itapimwa. Mizani itasema uongo. Atakayeulizwa hatakuwa Nyongeza. Atakuwa yule anayeshika daftari.

Aliinuka, akachukua begi la vifaa, akaliweka begani. Mkewe akamuuliza anakwenda wapi. Fundi akafungua mdomo, akaona maneno atakayolazimika kusema kuanzia mlangoni hapo hadi kwenye skrubu ile, akalirudisha begi chini. Akasema haendi popote. Akajiambia kwamba wanagawana saa nne, naye saa mbili atakuwa ameshafika na kuirekebisha kabla mtu hajagusa sinia.

Asubuhi usingizi ulimpitia, akaamka saa tatu kasorobo, upande wa pili wa kitanda ukiwa umepoa.

Pacha walimwambia mama ametoka mapema, kwa sababu akina mama wenye vibarua walikuwa wameomba mgao urudishwe nyuma hadi saa mbili. Fundi alivaa viatu bila soksi. Kwenye kona akakutana na muuza nyama amebeba mizani yake kifuani, akilalamika kwamba mshale umenasa na foleni ya wateja iko mlangoni. Fundi alimpita mbio bila salamu, jambo ambalo muuza nyama alilizungumzia wiki nzima.

Alizisikia sauti kabla hajaona ghala.

Uwanja wa nyuma ulikuwa umejaa. Wanawake wa kikundi walikuwepo wote, na wapita njia wasiohusika nao walikuwa wameshajihusisha. Mbele kabisa alisimama dada yake Fundi, mfuko wa sukari mkononi, akihema.

Fundi aliunganisha habari vipande vipande. Dada yake alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupimiwa, kilo zake tano. Njiani alipita kwenye duka dogo la mtaa wa pili kununua chumvi, na mwenye duka, ambaye hakuwapenda wanakikundi tangu waache kununua pakiti kwake, akamtania apime aone. Akapima. Mfuko ulikuwa na kilo nne na nusu na kidogo.

Aliporudi ghalani kwa hasira, mgao ulikuwa umekwisha. Wote kumi walikuwa wamepata. Na chini ya gunia ambalo lilipaswa kuwa tupu, ilikuwa imebaki sukari, kilo nne na ushei, nyeupe, haina mwenyewe.

"Wifi," dada yake alikuwa anasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetaka kusema anachokisema, "kumbe kila wiki huwa inabaki?"

Mwanamke mwingine akakumbusha kwamba kwa Mama Pacha kopo la sukari halifungiki. Mwingine akasema ameliona kwa macho yake. Yale yale ambayo Fundi alikuwa ameyahesabu kichwani kwa miezi minne sasa yalisemwa kwa sauti, mbele ya watu, na yalikuwa mabaya zaidi kusikia kuliko kufikiri.

Hakuna aliyelitaja jina la Nyongeza. Mtu aliyempa kila mteja gao la bure kwa miaka yote ile hakuwaingia akilini kabisa. Fundi alikuwa amefyatua mshale, ukampita adui na kumkuta mkewe.

Mama Pacha alikuwa ameshika daftari kwa mikono miwili. Hakulia. Alisema amepima kilo tano kwa kila mtu, na mshale waliuona wote. Kisha akainua macho na kumwona mumewe penye lango, na uso wake ukafunguka kwa matumaini namna ambayo Fundi hataisahau.

"Mume wangu huyo," alisema. "Ameikagua jana. Muulizeni yeye. Atawaambia ukweli."

Wakamgeukia wote.

Fundi alitembea hadi kwenye meza. Aliona njia mbili tu. Akisema mizani ni nzima, mkewe ni mwizi. Akisema ina kasoro, watauliza kasoro hiyo imeingia lini, na kuanzia leo hakuna muuza nyama wala muuza misumari atakayempelekea hata mizani ya kuchezea. Na mkewe atajua.

Fundi aliweka mkono juu ya sinia. Akafungua mdomo. Neno la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na mpaka leo hakuna anayejua lilikuwa neno gani, kwa sababu mtu mwingine alimtangulia.

"Mnamwonea bure," Nyongeza alisema kutoka mlango wa dukani. "Niliiangusha mimi."

Alikuja hadi katikati ya uwanja, pole pole kama kawaida yake. Akawaeleza kwamba jana jioni, Fundi akiwa ameshaondoka, alikuwa anaisogeza meza na mizani ikadondoka chini. Aliona mshale umerudi kwenye sifuri akadhani haina neno, na aliona aibu kumwita fundi mara mbili kwa siku moja. Kosa lilikuwa lake peke yake. Sukari iliyobaki wagawane, na kila mmoja aongezewe nusu kilo kutoka dukani kwake, kwa usumbufu.

Zilizuka kelele. Walimsema. Walimsema kwa mdomo ule ule uliokuwa unamsifu juzi. Mmoja alidai alikuwa akishangaa siku zote hizo nyongeza za bure zinatoka wapi. Mwingine, aliyekuwa na ulimi mwepesi, akasema leo wamemjua, huyu siye Nyongeza, huyu ni Punguza. Wakacheka, na jina likashika papo hapo. Wapita njia waliondoka nalo.

Dada yake Fundi alimkumbatia wifi yake, akamwomba radhi akilia. Nyongeza alisimama tu, mikono nyuma, akilipokea jina lake jipya.

Na Fundi, msomaji wangu, alikuwa amepata kila alichokitamani jana. Mpinzani wake alikuwa ameaibishwa mchana kweupe. Lakini alimtazama mkewe, na mkewe alikuwa anamtazama Nyongeza.

Hakuwa anamtazama kama mtu anayemwona mkosaji. Alikuwa anamtazama kama mtu anayejua kabisa kwamba mizani ile haikuanguka.

Wivu wa jana ulikuwa mchezo wa watoto.

Watu walipotawanyika, Nyongeza alimwomba Fundi abaki kidogo amrekebishie mizani. Waliingia ghalani, mlango wa bati ukafungwa. Fundi aliinama, akaigeuza skrubu mahali pake, akaweka jiwe la kilo. Mshale ukasoma kilo. Kazi ya nusu dakika.

"Jana nilikuona," Nyongeza alisema. "Kile kioo cha kaunta kinaonyesha mpaka huku. Usiku sikuweka kufuli mlangoni. Nilijua utarudi, na asubuhi nikadhani umeshairekebisha."

Fundi hakuinua kichwa. Alisema alitaka kurudi. Akasikia mwenyewe jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi.

Alimuuliza kwa nini basi amejitia aibu namna ile, amepoteza jina la miaka ishirini, kwa kosa la mtu ambaye wala si rafiki yake. Kama anataka ashukuriwe, atashukuriwa. Kama anataka alipwe, aseme.

"Usinishukuru," Nyongeza alijibu, bila hasira hata chembe. "Sikufanya kwa ajili yako."

Alichukua kitambaa, akalifuta sinia la mizani taratibu, akakikunja.

"Muulize Sindano ni kwa ajili ya nani. Mimi niliapa sitasema."

Fundi alitoka nje, jua likampiga usoni. Mama Pacha alikuwa anamsubiri langoni, mfuko wa sukari kichwani, daftari kwapani. Walianza kwenda nyumbani bega kwa bega, wakapita duka dogo, wakapita kona ya muuza nyama.

Ni mwanamke ambaye kwa miaka kumi na mitatu hakuwahi kumwona mumewe akizungumza na mtu bila kumuuliza wamezungumza nini.

Siku hiyo hakuuliza.